Mwalimu wa Simfonia Moja

Tangu Mwalimu afariki, simu yangu haipumziki. Kila kundi la WhatsApp la watu wetu, kuanzia Louisville mpaka hapa Buffalo, Marekani, limejaa picha yake, mishumaa na maneno matamu. Baba wa muziki. Mtu wa watu. Nguzo ya jumuiya. Ninasoma huku nikisaga meno. Najua mtaniambia marehemu hasemwi vibaya. Sawa. Nitamsema alivyokuwa, na kama mambo hayo mawili yatafanana, kosa si langu.

Jina lake sitalitaja, na asije mtu akadhani ni kwa heshima. Mama yangu anaitwa Faida, na kwa miaka yote aliyomwimbia, Mwalimu hakuwahi kumwita kwa jina hilo. Alimwita Pembe ya Kwanza. Basi naye hapa ataitwa kwa kazi yake. Akutendaye mtende, mche asiyekutenda.

Mwalimu alijua simfonia moja tu. Aliipata ujanani, seminarini huko Kivu, ambako padri mmoja Mbelgiji alikuwa na sanduku la noti, na ndani ya sanduku simfonia iliyokuwa nzima ni hiyo moja. Wengine walikimbia vita na sufuria, wengine na mtoto mgongoni. Yeye alikimbia na noti, amezifunga katika mfuko wa plastiki tumboni. Alipofika Louisville akawa anafua mashuka hotelini mchana, na Jumamosi anatukusanya chini ya kanisa letu, karibu na mashine ya kupasha nyumba joto, ambayo ilinguruma katika sauti isiyofanana na noti yoyote. Fidla tulipewa na shule zilizokuwa zikizitupa. Tulikuwa watoto, vijana, na baba wachache waliokuja wamevaa bado sare za kiwandani.

Kuna aliyewahi kumwuliza kwa nini hatufundishi kingine, kila mwaka ni simfonia ile ile. Mwalimu alimtazama mpaka yule bwana akaanza kujikuna shingo.

"Weye uko na bibi ngapi?"

"Mmoja, Mwalimu."

"Na umemumaliza?"

Watu walicheka wiki nzima. Alikuwa mcheshi, hilo siwezi kumnyima.

Simfonia yenyewe iko katika ufunguo wa huzuni, mi mineur, kama alivyopenda kusema, akivuta maneno hayo puani kama ugoro. Aliitunga Mwaustria mmoja zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, mtu aliyeajiriwa katika nyumba ya mkuu tajiri. Inaanza kwa noti nne nzito, nyuzi zote zikipiga sauti moja, kama mtu anayegonga mlango bila nia ya kusalimia. Kisha fidla zinajibu kwa unyonge. Halafu zile noti nne zinarudi, mara chini, mara juu, na unatambua kwamba aliyekuwa anagonga amekwishaingia ndani na anapita chumba kwa chumba.

"Huyu muzungu alikuwa mutumishi," Mwalimu alituambia. "Alivalaka sare sawa mupishi. Bosi akisema cheza, anacheza. Akisema toka, anatoka. Donc, hasira yake aliiweka wapi? Aliiweka humu."

Na alipiga zile karatasi kwa mgongo wa mkono. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na kidogo, na nilimwamini kabisa. Nilidhani mtu anayeelewa hivyo aibu ya mtumishi hawezi kumfanyia mwingine jambo la namna hiyo. Watu wazima mnajua zaidi.

Sehemu ya pili ni ngoma ya kasri, minueti, lakini ya ajabu: sauti za juu zinaanza wimbo, na za chini zinazifuata nyuma kidogo, neno kwa neno, hatua kwa hatua. Sisi watoto tulikuwa tunaikosea kila mara, wa nyuma wakikimbilia kuwapata wa mbele. Mwalimu akatusimamisha tuweke vyombo chini, akatutembeza ukumbini mmoja nyuma ya mwingine, kila mtu akikanyaga pale mwenzake alipokanyaga. Mama, aliyekuwa amekaa pembeni akisubiri zamu yake, akasema, "Miye naona huyu wa nyuma iko anamufwata wa mbele amulipize."

Mwalimu aligeuka. Nilidhani atamgombeza kwa kuingilia.

"Voilà," alisema. "Mumesikia Pembe ya Kwanza? Mucheze vile."

Tulicheza vile, na haikuharibika tena.

Sasa niwaeleze hizi pembe, maana hapo ndipo penye habari yote. Simfonia hiyo ina pembe mbili, vile vyombo vya shaba vilivyojikunja kama nyoka aliyelala. Seminarini hapakuwa na pembe wala mtu wa kuzipuliza. Padri akasema, kwa mujibu wa Mwalimu, kama hatuna pembe tuna makoo. Akawachukua waimbaji wawili, akawapa noti za pembe waziimbe kwa "o", mikono imekunjwa mbele ya mdomo. Mwalimu alikulia hivyo, na Louisville akafanya vivyo hivyo. Mama akawa Pembe ya Kwanza, na rafiki yake wa kwaya akawa Pembe ya Pili. Sisi watoto tuliozaliwa njiani na kulelewa Marekani tukakua tukiamini kwamba simfonia ni kitu kinachopigwa na fidla na mama wawili waliovaa vitenge. Nilipowaona wanamuziki wa kizungu kwenye video mara ya kwanza, nilimwuliza Mwalimu mama zao wako wapi.

Pembe hazina kazi nyingi. Zinakaa kimya muda mrefu, kisha zinaingia na noti ndefu, na zikikosea kuingia kila mtu anajua. Pembe ya Pili alihesabu kwa vidole. Mama hakuhesabu kwa namba. Yeye alipanga ule ukimya kwa majina ya mahali, ile njia tuliyokimbilia kando ya ziwa: Baraka, Mboko, Makobola, Uvira, na vijiji vya katikati vyote, kila pigo na mahali pake. Akifika Kavimvira, mpakani, anaingia. Ukimtazama midomo ulimwona anatembea. Hakuwahi kupotea. Baba yangu alibaki katika njia hiyo, kwa hiyo hakukuwa na hatari ya yeye kusahau mji wowote.

Katika sehemu ya tatu, ile ya polepole, fidla hufungwa sauti zisisikike sana. Wenye vyombo vyao hutumia kidude maalumu. Mwalimu alitununulia vibanio vya nguo, vya mbao, pakiti nzima kwenye duka la vitu vya dola moja, tukabana juu ya kile kidaraja kinachoshika nyuzi. Sauti ikawa kama watu wanaongea chumba cha pili. Na chini ya hayo mazungumzo inaingia sauti ya Mama, pana, ya kifuani, imeshika noti moja na haiiachii. Ni wimbo wa utulivu, umewekwa katikati ya hasira yote ile, na kila Jumamosi ulipofika hapo hata ile mashine ya joto nilikuwa siisikii tena.

Mama alikuwa na tabia moja. Aliianza noti kutoka chini kidogo, akapanda nayo, kama mtu anayeingia ndani kwa kuinamia mlango. Mwalimu hakuipenda.

"Usiteleze, Pembe ya Kwanza! Pembe haitelezake. Noti ni mulango: unaingia ao hauingii."

"Ndiyo, Mwalimu."

Na Jumamosi inayofuata aliteleza tena. Huko nyumbani akipika nilimwuliza kwa nini hasikii. Alisema, "Nikiingia gafula namushtua mwenye kulala." Sikumwuliza ni nani aliyelala.

Nimesema nitamsema alivyokuwa, kwa hiyo na haya niyaseme. Mwalimu hakutufundisha kwa tamaa ya chochote. Alivaa tai Jumamosi chini ya kanisa kana kwamba mkuu tajiri anakuja. Alichelewa mtu, alimfungia mlango, hata kama ni mvua, hata kama ni binti yake mwenyewe. Mama alipougua figo ni yeye aliyempeleka hospitali, akakaa naye katika kile chumba cha kusubiri kutwa nzima akimfasiria, kisha akarudi kufua mashuka. Viola alinipa yeye, baada ya kila mtoto kuikataa kwa kuwa si fidla wala si selo, ile kubwa ya kushikwa katikati ya magoti. Aliniambia viola ni mama wa jikoni, hakuna anayemwona mpaka siku asipopika. Leo nafundisha watoto wa shule kupiga nyuzi, ninakula na kulipa nyumba kwa alichonipa, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ingekuwa rahisi kumchukia mtu asiyenipa kitu.

Basi tukaalikwa. Shirika moja la mjini liliandaa siku ya wakimbizi katika ukumbi mkubwa, wenye viti vyekundu na taa zinazozimwa polepole, na mtu fulani aliyewahi kutusikia kanisani akasema tulete simfonia yetu. Nadhani hakuna kilichomharibu Mwalimu kama ile barua pepe ya mwaliko. Alianza kutukataza kucheka. Aliwapa baba wa kiwandani soksi nyeusi. Mama na Pembe ya Pili walishona sare ya kitenge cha bluu chenye tausi, na Mama alikunja pindo kwa mkono, maana alisema cherehani inakimbia. Juu ya hayo wakakaanga mandazi ya kuwapa wageni, kwa kuwa kwetu huendi kwa watu mikono mitupu, hata kama wewe ndiye burudani.

Tulipofika, tukipita mlango wa nyuma, nikaona jukwaani mahali pa mama zetu wamekaa vijana wawili wa chuo, wazungu, na pembe za shaba mapajani. Walitabasamu kwa adabu. Hawakuwa na kosa, nao hawajui hadi leo. Mwalimu alikuwa amewatafuta mwenyewe, akafanya nao mazoezi kando, na hakumwambia mtu.

Akawakuta mama zetu kwenye korido. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na viola yangu.

"Bon. Leo muko bageni," alisema, akitazama saa yake. "Mukae kule mbele, musikilize tu. Na ile mandazi muweke pale kwa meza."

Pembe ya Pili alifungua mdomo. Mama alimgusa mkono.

"Sawa, Mwalimu," alisema Mama.

Nilimfuata Mwalimu mpaka mlango wa jukwaa. "Juu ya nini?" nilimwuliza.

"Bazungu batatucheka, mwanangu. Batasema hatuna hata pembe."

"Lakini tunazo! Zimekaa kule mbele!"

"Nenda ukae pa nafasi yako."

Nilikwenda. Nilipiga viola usiku ule kama mtu anayekata kuni. Taa zilipozimwa niliwaona wawili wale mstari wa kwanza, tausi kwa tausi, wameshika mikoba magotini. Sehemu ya polepole ilipofika tulibana vibanio vyetu, na nikamtazama Mama. Midomo yake ilikuwa inatembea: Baraka, Mboko, Makobola. Akafika mpakani, na pembe ya shaba ikaingia mahali pake. Ikakwaruza. Noti ikapasuka katikati kama sauti ya mvulana anayebalehe, na nikaomba Mungu ipasuke tena. Mungu hakunisikiliza. Zilizofuata zilitoka safi, zilinyooka, ziliingia mlangoni bila kuinama.

Watu walisimama wakapiga makofi. Mwalimu aliinama mpaka tai ikagusa magoti. Mandazi yaliisha. Mama mmoja wa kizungu alimwambia Mama kwamba ni matamu sana, akamwuliza kama naye anapenda muziki.

Njiani kurudi nilimwuliza Mama ameonaje. "Nilisikiliza," alisema. Baada ya barabara kadhaa akarudia, "Nilisikiliza muzuri."

Tangu siku hiyo Mama hakuimba. Simaanishi simfonia peke yake. Hakuimba kanisani, hakuimba jikoni, hakumwimbia hata mtoto wa jirani aliyekuwa akilala mgongoni kwake. Kwaya ilimfuata, mchungaji alimfuata, akawaambia koo lake limechoka. Mwalimu hakumfuata. Mimi nilikataa kurudi chini ya kanisa, na yeye hakutuma mtu kuuliza viola iko wapi. Mwishowe Mama alisema Louisville imemchosha, binamu yake alikuwa Columbus, Ohio, tukahamia huko, Reynoldsburg, kwenye nyumba za ghorofa nyuma ya maduka. Alipata kazi ya kukunja nguo kwenye ghala. Nyumba yetu ilikuwa safi, ina chakula, ina kila kitu, na kimya chake kilinifanya niwashe televisheni mara tu nikiingia mlangoni.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kesi yangu na Mwalimu. Mtu akikuibia gari utanunua jingine. Yeye alichukua sauti iliyonilea, akaiweka mezani pamoja na mandazi. Niliapa kwamba atailipa. Wenzangu chuoni walifanya mazoezi kwa kupenda muziki. Mimi nilifanya kwa kisasi, na nawaambia ukweli, kisasi ni mwalimu asiyechelewa darasani. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Huko Columbus nilikuwa na rafiki Mkenya, Njeri, aliyekuja kusomea uuguzi na alikuwa akipenda kusindikiza watu popote. Okestra ya chuo ilipotangaza kwamba itapiga ile simfonia ya mi mineur, akanikokota twende. Nilikaa nikasikiliza mpaka mwisho. Walipiga vizuri sana. Katika sehemu ya polepole, pembe zilipoingia, niliona kama nimefika nyumbani nikakuta wapangaji wengine.

"Uko sawa?" Njeri alinong'ona. "Unalia ama ni mafua?"

"Hizo pembe si zenyewe."

"Lakini hizo ndizo horns, my dear. That's how it's written."

"Najua ilivyoandikwa. Mama yangu alikuwa bora."

"Si basi um-record?"

"Haimbi."

Kisha ikaja sehemu ya mwisho, na Njeri, asiyejua chochote kuhusu simfonia, akanishika mkono. Simfonia nyingi za zama zile, hata zikianza na kilio, mwishoni hufungua madirisha jua likaingia, watu wakaenda nyumbani wamefurahi. Hii haifungui. Inakimbia, nyuzi zote pamoja, kali kuliko ilivyoanza, na inaishia palepale penye giza bila kuomba radhi. Mwalimu alizoea kusema, "Hii simfonia haisamehake mutu." Njeri aliachia mkono wangu akasema, "Wueh. Huyu alikuwa amekasirikia nani?" Nilimjibu kwamba wangu namjua kwa sura.

Kazi ndiyo iliyonileta Buffalo. Ninakaa North Buffalo, nafundisha shule mbili, na nina wenzangu watatu ambao tunapiga pamoja jioni kwa kujifurahisha: fidla mbili, selo, na mimi na viola yangu. Siku moja ya theluji simu ikalia. Ni binti wa Mwalimu, yule aliyekuwa akifungiwa mlango. Baba yake alikuwa ameletwa kwake Riverside, hapa hapa Buffalo, miguu imevimba, moyo umechoka, na amesikia kwamba nipo.

"Anakuomba uje, dada. Kila siku anauliza."

Nilikwenda. Nitasema uwongo nikisema nilikwenda kwa huruma. Nilitaka kuona.

Alikuwa kwenye kiti kikubwa karibu na dirisha, blanketi magotini, na amevaa tai. Mto Niagara ulikuwa ukipita huko nje umebeba vipande vya barafu. Mapazia yalikuwa yamebanwa kwa vibanio vya nguo, vya mbao. Amekonda, masikio yamebaki makubwa peke yake.

"Bado unapiga viola?"

"Ninaipiga."

"Bon." Akapumua. "Nataka kusikia ile ya polepole, mbele nikufe. Unaweza kunipigia? Ila si vile ya ule ukumbi. Nataka vile yetu. Na Pembe ya Kwanza."

"Ana jina," nilisema.

Akanitazama. Akamtazama binti yake. Midomo ikacheza, ikatafuta, na haikupata kitu. Aliyekuwa akikariri kila noti ya kila chombo, kichwani, bila karatasi, hakulikumbuka jina la mama yangu. Sikumsaidia.

"Umwambie," alisema mwishowe, "ateleze. Ateleze vile anapenda. Ile kuteleza yake… miye sijaisikia tena kwa mutu."

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha mbaya. Amekuja mwenyewe mkononi mwangu. Ningeweza kukataa. Ningeweza kunyamaza, nisimwambie Mama lolote, nimwache asubiri dirishani mpaka afe. Lakini Mama ndiye mwenye kesi, nikampigia. Nilimweleza yote, polepole, nikingoja akatae.

"Alitaja jina langu?"

"Hapana."

"Aliniitaje?"

"Pembe ya Kwanza."

Mama alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo kwa miaka. "Kuja unikamate na gari," alisema. "Tutaenda."

Nilimkasirikia. Nilidhani anakwenda kusamehe, kama kawaida ya mama zetu, ambao husamehe haraka ili waendelee na kupika. Nilimfuata Reynoldsburg wikendi hiyo. Njia nzima ya kuja Buffalo alikuwa na mfuko mapajani, ukinukia iliki.

Nyumbani kwa Mwalimu alivua koti. Chini yake alikuwa amevaa kitenge cha bluu chenye tausi. Kilikuwa kimebana kiunoni, lakini ule upindo wa mkono ulikuwa haujafumuka hata uzi. Akaufungua mfuko, akatoa mandazi, akayaweka kwenye meza.

"Jambo, Mwalimu. Habari ya masiku."

"Pembe ya Kwanza," alisema yule mzee, na machozi yakamtoka palepale. "Umekuja."

"Nimekuja."

Wenzangu watatu walikaa. Nilikuwa nimewagawia vibanio vya nguo, na wao wakadhani ni utani mpaka waliposikia sauti. Mwalimu alinyoosha mgongo. Akainua kidole kimoja, kile cha kuhesabia, nasi tukaanza.

Lazima niseme kwamba tulipiga vizuri. Chumba kilikuwa kidogo na kila kitu kilisikika, hata mzee alivyovuta pumzi. Nikamtazama Mama. Midomo yake ilikuwa imeanza safari. Baraka. Mboko. Makobola. Uvira. Mwalimu alikuwa akiitazama pia, kidole kikipanda na kushuka, na uso wake ulikuwa uso wa mtoto anayengoja kubebwa. Mama akafika Kavimvira. Mwalimu akamwelekezea mkono wazi, ile ishara yake ya zamani ya kuita pembe.

Mama hakuvuka. Alifunga mdomo, akaweka mikono juu ya mkoba, magotini.

Tuliendelea kupiga, na mahali pa pembe pakabaki shimo. Mwalimu alidhani amepotea. Akahesabu tena, akampa ishara tena, kwa upole ambao hakuwahi kuwa nao maishani. Kimya. Akaegemea mbele.

"Mama," alisema. "Ni weye."

"Leo niko mugeni, Mwalimu," alisema Mama, bila kupandisha sauti. "Nimekuja kusikiliza tu."

Mkono wa mzee ulibaki hewani. Niliona maneno yale yakimfikia, yakimpita chumba kwa chumba, mpaka yakapata ile korido na ile saa aliyokuwa akiitazama. Akajaribu kuimba ile noti mwenyewe. Alianza kutoka chini, akapanda, kama Mama. Ikatoka hewa tupu. Tulipiga mpaka mwisho, sikuwaruhusu wenzangu waache, na kila pembe ilipostahili kuingia iliingia hewa.

Tulipomaliza, Mama alipiga makofi. Alipiga taratibu, kwa adabu, kama wageni wa ukumbini. Akamwambia ni muziki muzuri sana. Akavaa koti.

Mkitaka kujua nilihisi nini, nilifurahi. Bado nafurahi. Watu wanaobandika mishumaa kwenye simu yangu hawakuwa katika chumba kile.

Tulifuata barabara ya kando ya ziwa kubwa la huku kurudi Ohio. Jua lilikuwa limetoka juu ya theluji, na heta ya gari ilituchosha, nikawa nimeshusha kioo upande wangu kidogo. Mama alikuwa ametulia, anatazama mbele. Kisha nikaona midomo yake inatembea.

"Funga dirisha," alisema.

"Unasikia baridi?"

"Hapana. Funga muzuri, isimufikie Mwalimu."

Nikafunga. Akafika mpakani, akateleza kidogo kutoka chini, na akaimba.